Kanga Bubu

Domina alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee huko Spånga, pembezoni mwa Stockholm, na makazi yake Hjulsta, treni ya chini ya ardhi inapokomea. Siku moja ya mwaka themanini na tano aliingia chumba cha kufulia cha jengo lao, akamkuta Mchina mwembamba ameinamia beseni lake yeye Domina, anakinga kwenye kichupa maji yaliyotoka katika kanga yake. Yule mtu akageuka, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Rafiki, nyekundu hii inachuja."

Jamani, Domina hata hasira alisahau.

Bwana Gao, ndilo jina lake, alikuwa fundi wa rangi za nguo. Zamani alitumwa Dar es Salaam kufundisha kiwandani, na Kiswahili alikiokota huko. Sasa kiwanda cha kwao kilikuwa kimemleta Stockholm, chuoni, atafute rangi isiyochuja. Domina alipenda kuuliza, basi akauliza. Mtu msomi anatokaje mbali hivyo kuja kuchungulia maji ya kufulia? Gao akamweleza huku mashine zinazunguka. Zamani serikali yao ilipanga wafume nini, na nguo zote ikazichukua yenyewe, nzuri na mbaya. Sasa mambo yamegeuka. Mkulima akishatoa fungu la serikali, linalobaki anauza sokoni. Kiwanda nacho kijitafutie wanunuzi.

"Na kisipowapata?"

"Kitajijua."

Ndipo alipomweleza lililomkaa rohoni. Mkuu wa kiwanda alikuwa amempigia simu: utafiti wake ulete mnunuzi kabla majira ya joto hayajaisha, la sivyo afunge mizigo arudi. Na rangi yenyewe ilibaki kidogo tu ikamilike. Domina akamwonea huruma, akawa anamtaja katika sala zake za alfajiri.

Mungu hujibu kwa njia zake. Kule Alby, upande wa pili wa jiji, binti wa rafiki yake Clementina alikuwa anaolewa, na akina mama walihangaika kupata sare, maana hata nyumbani kanga zilikuwa adimu miaka ile. Domina akamnong'oneza Gao. Gao akatuma kwao maelezo ya rangi yake, na haikupita muda kanga za mfano zikafika. Wakazipeleka Alby pamoja.

Akina mama wakazipapasa, wakalowesha moja kwenye sinki, wakaisugua kwa kitambaa cheupe. Haikutoa rangi hata chembe. Gao akatabasamu. Kisha Ziada wa Mombasa, mwanamke asiyemeza neno, akaikunjua yote, akaigeuza huku na huku.

"Bwana wewe, hii kanga bubu. Jina lake liko wapi?"

Gao akasema maandishi waliyaondoa makusudi, ili mashine zisisimame kubadilisha maneno. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Baba," Ziada akamwambia, "ukimvisha bibi harusi kanga isiyosema, watasema watu."

Hakuna aliyeagiza hata doti moja.

Ndani ya treni Gao aliikunjua tena ile kanga magotini. Kisha akasema polepole, "Miaka yote ile Dar niliangalia rangi. Yale maneno nilidhani ni maua mengine."

Akaanza kuuliza yeye sasa. Nani huyachagua? Domina akamwambia mvaaji huchagua, na ya harusi si ya msiba, na ya kumpa mama mkwe si ya kumrushia jirani. Kufika Hjulsta Gao alikuwa na wazo. Mashine zitie rangi na ziache nafasi tupu. Maneno yapigwe kwa mkono mezani, kidogo kidogo, kila kundi na lake. Kule kwao kuna wanawake waliostaafu kiwandani, na siku hizi wanaruhusiwa kufanya shughuli yao wenyewe. Zamani, alisema, wazo hilo asingethubutu kulitoa mdomoni.

Kazi ikawa jina. Ziada alitaka fumbo la kuwachoma wabaya wao, Domina alitaka Mungu atajwe. Wakavutana mpaka likapatikana la kuwaridhisha wote wawili: *Mungu kawasha, baridi haizimi.*

Kanga zilifika kabla ya harusi, na baada ya harusi wakaanza kuulizia hata akina mama wa mji wa Gothenburg. Domina akashukuru, akijua rafiki yake amepona.

Lakini simu ikalia tena chuoni. Mkuu amefurahi mno. Gao arudi haraka aisimamie ile meza ya maneno, na vichupa vyake amwachie mwingine.

Alipokuja kuaga, Domina alimimina chai. "Nimekuombea ubaki, Bwana Gao. Kumbe nilikuwa nakusindikiza."

Gao hakuonekana mwenye huzuni. Alisema rangi imekaribia kukamilika, imebaki kujaribiwa juani tu, mwenzake ataimalizia. Asichokijua bado ni watu.

"Mama Domina, wanawake wa Kongo, nguo zao nazo zinasema?"

"Zinasema. Kila kitenge kina jina, ila halijaandikwa popote."

Gao akaweka kikombe chini. "Sasa mtu hulisomaje?"