Usafi wa Saa ya Kuona Wagonjwa

Juzi nilikwenda hospitali moja hapa Arusha kumwona jirani yangu wa Moshono. Kwenye kitanda cha pili alilala mzee ambaye uji wa asubuhi ulikuwa umemkaukia kidevuni. Mwanawe aliingia, akasema "Shikamoo baba," kisha akamwomba nesi pamba na spiriti. Nikasema moyoni, afadhali, sasa mzee atasafishwa.

Wapi! Kijana alitoa mfukoni sigara yake ya umeme, akaifungua vipande vipande juu ya shuka la baba yake, akaanza kuipangusa taratibu, kila kona.

"Hii ni chuma na betri tu, baba. Ukiiacha na uchafu inapata moto, inakulipukia mdomoni."

"Ndiyo, mwanangu," mzee akajibu, akakohoa mpaka kitanda kikatikisika.

Kengele ya kutoa wageni ikalia. Kijana akaifunga sigara yake inayong'aa, akaaga. Pamba chafu akaiacha palepale kwenye shuka. Na bado kuna watu wanasema vijana wa siku hizi hawajui kutunza kitu.

Mzee akanigeukia, uji ungali kidevuni.

"Umemwona kijana wangu?" akaniambia kwa fahari. "Msafi sana yule."