Sasa Kopi Inaenea

Wiki ile walipokuwa wakifukuza watu wa asili ya mkoa wa Kasai hapa Kolwezi, nilimkuta mmoja wao, mchimbaji mzee, kwenye dirisha la ofisi ya mgodi, akiomba cheti cha miaka yake ya kazi kabla ya kupanda gari-moshi.

Karani akabonyeza kompyuta. "Jina yako haiko, tata."

"Angalia kopi ya Lubumbashi. Mulisema mashine ya hapa ikifa, kule majina yetu inabakia."

Mkubwa wa karani ndiye aliyejibu, akipangusa kioo cha mashine kwa tai yake. "Mashine ya kule ni kidogo, kopi haikuwa inaenea, haikutosha mule ndani. Na kuituma kwa waya ya telefone ilikuwa inakawia siku mbili. Tuliomba mashine kubwa, bakubwa ba kule bakakatala. Sasa tulifuta majina ya bale balifukuzwa, yote inaingia, inafika mbele ya saa sita!"

"Na kule munafuta?"

"Tukifuta hapa, kule nako inafutika. Ni kopi, tata."

Mzee akamgeukia karani. "Na weye, jirani yangu?"

Karani akamwita aliyekuwa nyuma ya mzee. Mkubwa bado alikuwa anatabasamu.

Fundi wa namna hii, ukimletea kiatu kidogo, atakukata vidole vya mguu, kisha atakuambia, "Unaona? Inaenea."