Rangi ya Njano Mlangoni

Kwetu mlimani, Desemba haingii bila rangi. Ndugu wanapanda kutoka mijini, na nyumba isiyopakwa inakutia aibu mpaka kanisani. Mimi ni fundi rangi, nina kibanda changu cha kazi kule Pasua, chini mjini, kwa hiyo aibu hiyo ingekuwa mara mbili. Kila mwaka nilipiga msasa mlango wa mbele, kisha nikaupaka upya.

Binti yetu alikuwa na miaka minne alipoanza kusahau. Alikuwa akihesabu mpaka ishirini. Sasa alikwama kwenye saba na kulia. Tumbo lilimsokota, mtori wa ndizi akaukataa. Hospitalini walipima damu yake, wakakuta madini ya risasi, sumu inayotiwa kwenye baadhi ya rangi. Daktari aliuliza tunapaka nini nyumbani. Nilichukia kana kwamba ameniita mwizi.

Nilipewa vijiti vya pamba vyenye dawa. Ukisugua penye risasi, pamba hugeuka waridi. Nikasugua mlango wote, pamba ikabaki nyeupe. Nikamwonyesha mke wangu, nikamwambia hao wa hospitali wakatafute kwingine. Desemba ikafika, nikapiga msasa kama kawaida.

Januari damu ya mtoto ilipimwa tena, ikawa mbaya zaidi. Usingizi ulinipotea, nikawa sijui nimwombe nani. Nikakata kipande cha mlango, rangi pamoja na mbao yake, nikashuka nacho maabara mjini.

Mpimaji alikuwa dada mdogo tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nilimweleza habari ya vijiti. Akatikisa kichwa.

"Vile vinapima pale pamba inapogusa tu, baba. Wewe umepima rangi ya juu."

Akachukua wembe, akakikata kipande mshazari mpaka kwenye mbao. Nikaziona rangi zangu zote zimelaliana: nyeupe, bluu, kijani, zikirudiana mwaka hadi mwaka, na chini kabisa njano. Ile njano niliipaka mlango ukiwa mpya, wiki aliyozaliwa mtoto. Kopo halikuwa na karatasi ya maelezo, lilibaki kwenye kazi ya mageti, na rangi yake niliipenda kwa mng'ao.

Alipima moja moja. Nyeupe, hakuna. Bluu, hakuna. Kijani, hakuna. Kwenye njano pamba ikaanza kuona haya taratibu, halafu ikawa waridi kabisa. Alisema kiasi chenyewe kitajulikana Dar, ambako watasaga rangi hiyo, waiyeyushe kwa asidi na kuipima kwa mashine. Mimi sikuhitaji mashine.

"Mnapopiga msasa, njano hii hutokea?"

"Pembeni hutokea. Huwa nakwangua sana."

"Mnalowesha maji kwanza?"

"Hapana. Mkavu."

Aliandika. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Na mtoto huwa wapi?"

Nilitaka kusema huwa jikoni kwa mama yake.

"Huwa na mimi," nikasema. "Nikimaliza kukwangua, yeye hupuliza vumbi. Nilimfundisha mwenyewe. Huwa namwambia vuta pumzi ndefu kwanza."