Namba Aliyoijua Mama Peke Yake

Jumapili ile nilimpelekea mama simu ya kupangusa kutoka Shinyanga mjini, nikijiona mtoto mwema kuliko wote. Kitochi chake cha vitufe kilikuwa kimenichosha mimi, si yeye. Kwetu Ushetu simu huchajiwa dukani, na mama hamwachii muuza duka laini yake: huitoa akaifunga kwenye pindo la khanga. Mdogo wangu, mchimbaji huko Geita, ndiye aliyeiwekea laini hiyo namba ya siri, ili hata ikidondoka, atakayeiokota asiitumie. Akamwambia asimtajie mtu.

Wiki hiyo tulisikia kwamba shimo moja la dhahabu limetitia huko anakochimba. Tulimpigia, hapatikani. Jumapili ndiyo siku yake ya kumpigia mama, kwa hiyo tuliisubiri hiyo simu roho mkononi.

Nikaibandua laini kwenye fremu yake ya plastiki, nikaihamisha. Simu mpya ikadai namba ya siri.

"Nitajie, mama, niandike."

"Geukia kule."

Akaandika mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimegandwa na utomvu wa tumbaku, na kioo hakikuvisikia. Akigusa haiingii, akikandamiza zinaingia mbili. Kinachoonekana ni vidoti tu, hajui kipi ni kipi. Ikakataa. Akarudia, ikakataa. Ikaonya kwamba imebaki mara moja tu, kisha laini inafungwa. Kuifungua ni mpaka Kahama, na Jumapili ofisi hakuna.

"Mama, si unitajie!" Nilikuwa na hasira, na hofu kuliko hasira.

"Mdogo wako kasema nisimtajie mtu."

"Hata mimi?"

"Kwani wewe ni mbuzi?"

Ikabidi turudi kwenye kitochi. Lakini laini ilikuwa ndogo mno bila fremu yake, na fremu niliitupa kama takataka. Mama akafungua pindo la khanga, akanipa. Alikuwa ameiokota nyuma yangu. Nikaipachika. Akashika kitochi, wala hakukitazama, kidole gumba kikapita juu ya vitufe. Ikakubali.

Tukakaa mpaka chai ikapoa. Ilipoita, namba ilikuwa ngeni.

"Mayu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Simu nimeazima. Yangu imefukiwa shimoni na namba za watu wote. Ninayoijua kwa kichwa ni yako tu."

Nililia bila aibu. Simu ya kupangusa nilirudi nayo Shinyanga.