Syokau, Aliyesoma kwa Sikio

“Mama Kisilu, mbona unasoma maneno ambayo hayamo?”

Aliyeuliza hivyo ni Mukonyo, jirani yake Syokau wa mlango wa pili katika laini za wafanyakazi wa shamba moja la kahawa nje ya Ruiru. Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka wa hamsini na nne. Wanawake hao wawili walikuwa wameketi kivulini kando ya nyumba, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota ndani. Mwezi uleule kanisa lilikuwa limepokea Biblia mpya za Kiswahili, na Mukonyo alikuwa ameazimwa moja. Syokau akaomba aishike kidogo. Alifuta mikono kwa leso, akaifungua katikati, akaanza kusoma habari za mpanzi na mbegu zake. Sauti yake ilikuwa nzuri, haina haraka. Mukonyo, aliyefika darasa la tatu kwao Kangundo, akajisogeza ili afuatishe kwa kidole, na ndipo alipouliza.

Syokau alicheka. “Wewe, darasa la tatu lako limeshika kutu. Ngoja nikusomee tena.”

Akasoma tena, neno kwa neno kama mwanzo. Mukonyo akaondoa kidole, maana jambo kama hilo humwambii mtu mzima mara mbili kwa siku moja.

Na Syokau hakuwa mwongo. Alikuwa amejifunza kusoma, kwa jinsi alivyojua yeye, katika shamba la mkonge upande wa mashariki wa Thika, mumewe Kitheka alikomleta walipooana. Huko kulikuwa na mwalimu wa kanisa aitwaye Simeon, mtu wa Rabai, mpole, mwenye kikohozi kisichopona. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watu thelathini: Agano Jipya, kwa Kiswahili cha Mombasa. Mwalimu Simeon alisoma, darasa likaitikia. Alirudia, wakarudia. Kisha kitabu kilipita mkono kwa mkono, kila mmoja akikitazama na kusema yaliyomo. Ukurasa wa mpanzi ulikuwa na tone la nta ya mshumaa. Ule wa mwana mpotevu ulikuwa umeliwa na mende pembeni. Syokau akilitazama lile tone la nta, maneno yalikuja yote, bila kukosa hata moja. Aliwaona wenzake wakitazama na maneno yakiwajia nusu nusu, akamshukuru Mungu kwa kumpa macho mazuri. Kusoma ndiko huko. Nani angemwambia vingine?

Halafu Mwalimu Simeon akarudi kwao kufa, na darasa likatawanyika kabla ya ubatizo. Kitheka akapata kazi katika kiwanda cha kahawa Ruiru, wakahama. Syokau akaanza darasa upya, akajifungua Kisilu, akaacha. Akaanza tena, na hali ya hatari ikaingia, mikutano ikafungwa miezi mingi. Kufikia mwaka ule wa hamsini na nne alikuwa ameungoja ubatizo miaka kumi na mmoja. Kila meza ya Bwana ilipotandikwa, wasiobatizwa waliombwa watoke, na Syokau alitoka na vijana na watoto, yeye mtu mzima, akakaa nje kwenye jiwe akiwasikia wenzake wakiimba ndani. Alilijua lile jiwe kama kigoda chake.

Sheria ya kanisa lile ilikuwa moja. Hubatizwi mpaka usome mbele ya wazee, kwa lugha yoyote, mahali popote unapochagua mwenyewe. Wiki mbili baada ya swali la Mukonyo, Syokau alisimama mbele ya benchi la wazee na ile Biblia mpya mkononi. Hakuwa na hofu hata kidogo. Mzee wa kati alikuwa Wamalwa, ambaye siku za kazi alikuwa karani wa mizani pale shambani, na watu walisema hata chumvi hutiwa kwenye mboga yake baada ya kupimwa. Alikuwa na nakala yake magotini.

Syokau akasoma. Kidole cha Wamalwa kikatembea, kikasimama, kikarudi nyuma.

“Mama, hebu rudia hapo.”

Akarudia.

“Hilo neno la mwisho, nionyeshe liko wapi.”

Syokau akaweka kidole katikati ya ukurasa, mahali popote tu. Kwenye benchi la wanaongoja zamu, mtu akacheka puani. Wamalwa hakucheka.

“Mama,” akasema, “hayo uliyosema ni ya kweli, na ni mazuri kuyasikia. Lakini hayatoki katika kitabu hiki.”

“Yanatoka wapi basi, mzee?” Syokau akauliza. Alitaka kujua kweli.

Wamalwa akafunga nakala yake. “Yanatoka kwako, mama. Umeyabeba. Kitabu hiki kina habari ileile, ila kimeipanga kwa maneno mengine. Kama macho ndiyo yangekuwa yanasoma, yangeyaona.”

Hivyo akarudi nyumbani. Alipokuwa akipepeta mahindi, mikono ilikuwa ikifanya kazi na kichwa hakipo. Kilichomuuma hakikuwa kicheko. Kilichomuuma ni kwamba miaka kumi na mmoja alikuwa amelitazama neno la Mungu bila kuliona.

Kitheka aliposikia aliguna. “Na hilo ni jambo la kukunyima chakula? Wazee si wamesema Biblia yoyote? Nitakutafutia kile kitabu cha zamani, cha Kimombasa. Kipo Thika, nimekiona. Utawasomea mpaka wao wenyewe waombe maji.”

Maneno hayo yalikuwa matamu, tena hayakuwa na kosa lolote la sheria. Syokau aliyageuza usiku na mchana siku tatu. Siku ya nne akaenda kwa Mukonyo, akasimama mlangoni.

“Lile swali lako,” akasema, “jibu lake ni kwamba sijui kusoma. Nifundishe.”

“Aiya!” Mukonyo akasema. “Na mimi nilidhani umenikasirikia!”

Wakaanza, na shule yao ilikuwa gunia. Kila alasiri wavunaji wa kahawa humwaga madebe yao juu ya magunia ili wachambue, nyekundu huku, mbichi kule, na mbuni, zile kavu zilizokufa mtini, pembeni. Mukonyo alizipanga mbuni zikawa herufi juu ya zile nyekundu. Syokau aliitamka kila moja, akaivuruga, akaipanga yeye. Nyapara akipita, herufi ziligeuka kuwa kahawa tena.

“Nyinyi wawili, hilo gunia lenu halimaliziki?”

“Tunachambua vizuri, bwana,” Mukonyo alijibu. “Hatutaki mbichi ikupite.”

Wayua, mvunaji mwenzao mwenye ulimi wa pilipili, hakuwaachia. “Msomaji! Tusomee debe basi, tujue limeandikwa nini! Au na lenyewe unalijua kwa moyo?”

“Nikilijua nitakusomea wewe wa kwanza,” Syokau alimjibu, na wanawake wakacheka, hata Wayua.

Neno la kwanza aliloliona kwa macho yake mwenyewe lilikuwa KENYA. Lilikuwa limegongwa kwa wino mweusi kwenye gunia lilelile alilokuwa amepigia magoti juu yake miaka yote. Aliliona likijitokeza chini ya kahawa, herufi moja baada ya nyingine, akaacha kuchambua. Hakumwambia mtu mpaka jioni.

Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Wakati mwingine alishinda wiki nzima bila kuendelea mbele. Wakati mwingine mtoto aliugua, au mvua iliongeza kahawa mpaka hakuna anayeinua kichwa. Mwaka wa hamsini na saba, baada ya msimu, Mukonyo akamwambia, “Sasa nunua kitabu chako. Huwezi kusoma cha kuazima milele.” Wakapanda basi asubuhi kwenda Thika, na karatasi zao za ruhusa ya kusafiri zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso.

Duka la vitabu la misheni lilikuwa chumba kimoja, na mwenye kuliangalia alikuwa Wambua, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Syokau alipomwambia anataka Biblia, Wambua akauliza, “Ipi?”

“Kwani ziko ngapi?”

“Mungu ni mmoja, mama. Vitabu ni vitatu.” Akaviweka juu ya meza. Kile cha Kimombasa, cha zamani. Kile kipya cha Kiswahili kinachosomwa makanisani sasa. Na cha tatu, kilichokuwa bado kinanukia gundi, Biblia nzima kwa Kikamba, lugha waliyozaliwa nayo Syokau na Mukonyo. Agano Jipya lilikuwapo tangu zamani, lakini Kitabu chote kilikuwa kimetoka karibuni tu, na watu wa Machakos walikuwa wakikijia mbio.

Mukonyo akapiga makofi. “Chukua hicho! Au Mungu hajui Kikamba?”

Syokau alivuta kigoda, akaketi, akafungua cha zamani kwanza, mahali pa mpanzi. Hakufika mstari wa tatu. Akakifunga taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yenye mgonjwa.

“Mdomo umeshafika chini,” akasema, “na macho bado yako juu.”

Akafungua cha Kikamba. Hiki alikisoma, tena kwa macho, na alipofika nusu ya ukurasa machozi yalimtoka, maana ilikuwa kama kuitwa na mamake kutoka ng’ambo ya mto. Wambua akatazama upande mwingine, akajifanya anapangusa rafu. Lakini Syokau akarudi juu, akasoma tena polepole, akatikisa kichwa.

“Sasa kuna nini?” Mukonyo akauliza.

“Ninakatiza.”

“Unakatiza nani?”

“Kitabu. Neno likianza tu, nalimalizia mimi. Hapa nimesema ‘shamba langu’, tazama, wao wameandika tu ‘shamba’. Hili ‘langu’ nimelitia mwenyewe. Lugha hii ninaijua sana, Mukonyo. Inaniachia mlango wazi na mimi naingia bila kubisha.”

“Kwa hivyo cha kwetu ndicho kibaya?” Mukonyo alikuwa ameanza kukasirika. “Utaacha ziwa la mama, unywe maziwa ya kopo?”

“Siachi. Ndicho kitamu kuliko vyote, na mtu anayejua kusoma nitamwambia akichukue hicho. Mimi bado ninajifunza.”

Cha mwisho kilikuwa kile kipya cha Kiswahili. Hapo alikwenda kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akisimama, akipima, akiweka mguu. Maneno mengine aliyajua kwa kuyasikia kanisani, mengine la. Hakuna lililokuja kabla ya kuliona. Jasho likamtoka.

“Mama,” Wambua akasema mwishowe, “unataka kununua, au nikuletee kitanda?”

“Nipe hiki. Hiki hakinijui.”

Wambua akakifunga kwa karatasi. “Cha Kikamba hakiozi,” akasema. “Kitakungoja.”

Miezi mitatu Syokau alisoma kila siku, ukurasa mmoja alasiri, mlangoni, kwenye mwanga. Alijiandaa kwa wazee kwa kusoma habari ya mpanzi, maana aliipenda, na alitaka aisome vizuri. Na hapo ndipo alipogundua jambo lililomtia baridi. Siku moja mvua ilimkuta, akakimbiza kitabu ndani, na alipokuwa amekaa jikoni mikono mitupu, mdomo uliendelea. Maneno yale mapya, ya kitabu kile kipya, yalikuja yote, kwa mpangilio, bila ukurasa mbele yake. Sikio lake lilikuwa limefanya tena kazi yake ya zamani, kimyakimya, bila kutumwa.

“Hiyo ni baraka,” Kitheka akasema alipomweleza. “Wengine wanaomba wakumbuke. Wewe sasa kichwa na kitabu vinakubaliana, kuna shida gani? Simama, soma, ubatizwe, tukae meza moja. Nimechoka kukuacha nje.”

Kitheka alikuwa hajawahi kulisema hilo. Syokau alimtazama, akaona kwamba hata yeye, huko ndani kwenye benchi la wanaume, alikuwa na jiwe lake. Akamwekea chai.

Jumamosi ya mtihani walikuwa sita. Wayua naye alikuwa mmoja wao, amejifunga kitambaa cheupe, kimya kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Wazee waliketi palepale. Wamalwa alikuwa ameongeza mvi, nakala iko magotini.

“Mama Kisilu,” akasema kwa upole, “karibu tena. Umekuja na kitabu chako, tunaona. Chagua mahali unapopenda. Bado ni habari ya mpanzi?”

Kitheka alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Mukonyo alikuwa karibu na dirisha, na kutoka pale aliitikia kwa kichwa kwa nguvu: ndiyo, ndiyo, mpanzi. Syokau aliishika Biblia yake kwa mikono miwili. Akaenda mbele hatua tatu, akaiweka mbele ya mzee, ikiwa imefungwa.

“Mzee Wamalwa,” akasema, “naomba unifungulie wewe, popote pale, na mimi nitasoma.”