Ndoana Kwenye Mdomo wa Mbwa

Mume wangu ni mtu wa Newala, juu kabisa ya mlima, ambako utotoni mwake maji yalinunuliwa kwa ndoo. Kuvua alifundishwa na marehemu baba yangu baada ya kunioa, akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Labda ndiyo maana anapenda kuvua kuliko sisi tuliozaliwa bondeni. Kila tukimaliza kuvuna mpunga kwenye kishamba chetu karibu na mto Ruvuma, hubaki siku mbili tatu kibandani tukivua kambale, kisha tunarudi nyumbani upande wa Lulindi.

Siku moja tulishuka kutafuta chambo baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa na mbwa wetu wawili: jike mzee anayetufukuzia nguruwe shambani, na mwanawe, dume wa mwaka mmoja asiyesikia la mtu. Maji yalikuwa yamepungua, yakaacha vidimbwi kwenye mchanga, mbali kidogo na mto wenyewe. Humo ndimo samaki wadogo hujificha. Kwenye kina hatuingii, mamba wapo.

Tulishika kanga kuukuu, kila mmoja pembe mbili, tukaizamisha na kuiburura polepole hadi ukingoni. Mara ya kwanza hatukupata kitu, maana yule dume aliingia dimbwini kabla yetu akatibua maji yote.

"Toka hapa!" mume wangu akamfokea. "Unatufukuzia chambo."

Dimbwi la pili lilitupa nusu ndoo. Akakaa chini kuweka chambo kwenye ndoana, mimi nikarudi majini kusuuza kanga. Nilimwona anashika ndoana mbali na uso, mkono umenyooka, anajaribu mara ya kwanza, ya pili. Nikadhani jua linamsumbua.

Kisha nikasikia mbwa analia. Si kubweka, ni kulia kama mtoto. Yule dume alikuwa anazunguka palepale akijikuna mdomo kwa mguu wa mbele, na mshipi unamfuata mchangani. Alikuwa ameokota ndoana yenye samaki, nayo ikamchoma mdomo wa juu kutoka ndani. Ncha haikutokeza nje.

Mume wangu alimrukia akamlaza. Nilichana kipande cha kanga tukamfunga taya, tukiacha mdomo wa juu wazi. Mama yake akaja akawa anatulamba mikono, anatuzuia kufanya kazi. Nikakimbilia baiskeli yetu tuliyoiacha juu ya ukingo, nikatoa koleo kwenye mfuko wa chini ya kiti.

"Sukuma ncha itokeze, ukate kile kijino kinachokwamisha, halafu uivute ilikotoka," nilimwambia. Baba yangu alifanya hivyo kwenye kidole chake mwenyewe.

Aliisukuma kwa kupapasa, ikatokeza. Akaweka koleo, akabana. Mbwa akapiga ukelele, akataka kuruka. Alikuwa amebana nyama.

"Siyo hapo!"

Akaweka tena. Nikaona koleo linaelekea pembeni kabisa, na ndoana inang'aa pale mbele ya macho yake.

"Nipe," nikasema. "Wewe mshike."

Hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumpokonya kazi akakubali bila neno. Nilikata kijino, nikaivuta ndoana, ikatoka. Damu kidogo tu. Nikamwosha kidonda kwa maji ya kunywa, tukamfungua taya. Alitimua mbio mpaka kwenye mabua, mama yake nyuma yake.

Tukabaki tumekaa mchangani, mikono ina damu na magamba.

"Ile ndoana uliiweka wapi?" nikamuuliza.

"Iliniponyoka. Niliitafuta sikuiona."

"Ilikuwa hapo kwenye goti lako."

"Sikuiona, mama."

"Tangu lini?"

Alichukua mchanga akawa anajisugua viganja. "Jicho la kushoto zamani kidogo. Hili jingine tangu msimu wa korosho uliopita. Kama kuna moshi."

Hapo nikakumbuka kanisani. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma somo la kwanza, kisha ghafla akaacha, akasema vijana nao wajifunze. Nami nilimsifu kwa watu, nikasema mume wangu hana makuu. Nilijisikia mjinga, halafu nikamkasirikia, halafu nikamhurumia, yote kwa pamoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenizuia kuendesha baiskeli."

Ni kweli, ningemzuia. Jioni ile niliendesha mimi, yeye nyuma na ndoo.

Wiki iliyofuata tulipanda bodaboda hadi hospitali Masasi. Daktari, kijana wa umri wa kitinda mimba wetu, alimwamkia shikamoo akiwa amesimama dirishani, naye akaitikia marahaba akitazama mlangoni. Akaambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia walimfanyia upasuaji mwezi huohuo. Bandeji ilipotolewa alinitazama kitambo, kisha akaniambia nimekonda. Nilimwambia nimekonda muda mrefu.

Jicho la pili alitaka lisubiri mpaka korosho ziishe kuokotwa. Tulibishana stendi, mbele za watu, basi likatuacha. Nilishinda mimi. Tarehe tumeshapewa, na mikorosho ndugu zake watatusaidia.