Siku Tatu za Tufani

Jeconia, mpiga taipu aliyezaliwa kando ya ziwa, hakuchoka kumtazama karani wa hesabu wa ofisi yao ya ujenzi mjini Kisii. Vidole vya mama huyo vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani ya chai aliyochuma alfajiri kabla ya kuja kazini. Meza yake ilikuwa na mguu mmoja mfupi, kwa hiyo aliandika huku ameizuia kwa goti isiyumbe. Vipimo vya mawimbi vilipoletwa kutoka ziwani, alizidisha kila kimo kwa chenyewe, akinong'ona kwa Kigusii, kwani kimo cha wimbi kikiongezeka mara mbili nguvu yake huongezeka mara nne. Akikosea hakufuta. Alipiga mstari mmoja tu, kosa lenyewe lionekane.

Siku moja ya mwaka 1969, injinia wa gati jipya alimwekea raba mezani. "Mama, futa hizi siku tatu za tufani. Zinapandisha wastani, na ramani ya gati imeshachorwa."

Jeconia aliacha kupiga taipu. Binamu yake alizama siku ya pili kati ya hizo.

"Siku hizo tatu zina nguvu kuliko mwezi wote uliobaki," mama alisema.

"Wewe mtu wa milimani, mawimbi umeyaonea wapi?"

"Sijayaona. Nimeyahesabu. Na mtu hazami kwa wastani, Bwana."

Aliichukua raba, akainama, akaisukuma chini ya ule mguu mfupi. Akaondoa goti. Meza ikatulia.

"Asante," akasema, akaendelea kuandika.